Kompyuta Inapowaka na Skrini Ikabaki Tupu: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu na Jinsi ya Kuifundisha

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, wakati mvua za Kyela zinyeshapo bila kupumzika, tulikuwa katika shule moja ya msingi ya kata ya Ngonga tukisimamia mazoezi ya kufundisha. Kompyuta pekee ya shule ile iliwashwa kama kawaida. Taa yake ndogo iliwaka, feni ikavuma, maandishi meupe yakapita upesi, kisha ukatokea mlango wa kuingilia, yaani ile sehemu ya kuandika jina na nenosiri. Mwalimu wa zamu akaandika nenosiri. Skrini ikawa nyeusi kwa kitambo kidogo, kisha mlango ule ule ukarudi. Akaandika tena, ukarudi tena. Wanafunzi wa Darasa la Saba waliokuja kumalizia kazi yao wakatazamana. "Imekufa," mmoja wao alisema, na wenzake wakakubali.

Ndani ya mashine ile mlikuwa na kazi yao ya muhula mzima: masimulizi waliyoyakusanya kwa babu na bibi zao juu ya kilimo cha mpunga, uvuvi wa ziwani na mafuriko ya zamani. Waliyaandika kwanza kwa mkono, baadaye wakayapiga chapa, na baadhi ya karatasi zile za mkono zilikuwa zimekwisha kulowana na kutupwa. Fundi mmoja alikuwa ameshapigiwa simu, na ushauri wake ulikuwa mfupi: futeni kila kitu, wekeni mfumo upya. Ushauri wa namna hiyo tuliwahi kuufuata miaka kadhaa iliyopita mahali pengine. Kompyuta ilipona, na kazi ya watoto ikapotea yote. Ndiyo sababu safari hii tuliomba tupewe saa moja.

Katika makala haya tutaeleza jinsi saa ile ilivyotumika, na jinsi mwanachuo anavyoweza kuigeuza kazi ya namna hiyo kuwa somo. Hatukusudii kumfanya kila mwalimu wa shule ya msingi kuwa fundi wa kompyuta. Tunakusudia awe na mazoea ya kuuliza swali moja kabla ya kugusa chochote: mashine imefika wapi?

Kwa nini picha huzimika mashine ikiwa hai

Kompyuta tunayoizungumzia hutumia mfumo endeshi wa Linux, ambao ni wa ukoo wa Unix. Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell Labs, Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Faida yake kwa shule yenye fedha kidogo ni kwamba haidai malipo ya leseni, na matoleo yake mepesi huweza kuendesha mashine ambayo wengine wameshaitupa. Hata lugha yetu ina historia humo, kwa maana mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za kazi za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Wanachuo wengi wa leo hawajapata kuisikia habari hiyo, nasi tunaona si haki wasiisikie.

Jambo la kukumbuka ni hili. Unix ilizaliwa kabla ya picha. Hapo mwanzo ilizungumza na mtu kwa maandishi tu. Mfumo wa kuchora madirisha uitwao X ulianza kutengenezwa mwaka 1984 katika chuo cha MIT, Marekani, ukawekwa juu ya Unix kama programu mojawapo kati ya programu nyingi. Mfumo mwingine uitwao Wayland, ulioanzishwa mwaka 2008, umekuwa ukichukua nafasi ya X pole pole, lakini desturi haijabadilika: picha ni mpangaji ndani ya nyumba, wala si msingi wa nyumba. Mpangaji akizimia, nyumba haijaanguka. Faili za wanafunzi zipo, kibodi inasikia, na kwa kawaida mashine iko tayari kujibu maswali, mradi aulizaye ajue kuzungumza nayo kwa maandishi.

Mtu aliyezoea kuona kipanya na vijipicha tangu siku ya kwanza hawezi kulijua jambo hili asipoambiwa. Kwake yeye skrini tupu ni sawa na mashine tupu. Kosa hilo la fikra ndilo lililotupotezea kazi ya watoto.

Safari ya vituo vinane

Msafiri anayetoka Mbeya mjini kwenda Ngonga hupita Uyole, Kiwira na Tukuyu, ndipo ateremke kuelekea bonde la Kyela. Asipofika jioni, jamaa zake hawaanzi matanga. Hupiga simu Tukuyu na kuuliza, "Je, amepita hapo?" Wakijibiwa kwamba amepita, hawana haja tena ya kuuliza Uyole wala Kiwira. Wakijibiwa kwamba hajapita, hawana haja ya kumtafuta Kyela.

Kompyuta nayo husafiri kila inapowashwa. Kituo cha kwanza ni umeme wenyewe. Cha pili ni programu ndogo iliyomo katika bodi ya mashine, iitwayo BIOS, au UEFI katika mashine za karibuni, ambayo hukagua kumbukumbu, kibodi na diski. Cha tatu ni GRUB, ambayo kazi yake ni kuutafuta mfumo endeshi katika diski na kuuamsha. Cha nne ni kerneli, yaani kiini cha Linux. Cha tano ni kukaguliwa na kufunguliwa kwa diski ili faili zisomeke. Cha sita ni systemd, msimamizi anayeamsha huduma zote moja baada ya nyingine. Cha saba ni mlinzi wa mlango, ambaye huwasha mfumo wa picha na kuuliza jina na nenosiri; katika kompyuta ile ya Ngonga aliitwa LightDM, na katika mashine nyingine huitwa GDM au SDDM. Cha nane ni eneokazi, yaani ile sura yenye vijipicha ambayo watu wengi hudhani ndiyo kompyuta.

Kila kituo kina dalili yake. Mashine isiyowasha taa wala kuvuma haijatoka kituo cha kwanza. Inayolia milio bila kuonyesha neno lolote imekwama cha pili, na mara nyingi mlalamikaji ni kumbukumbu. Inayoandika maneno kisha ikasimama penye neno "initramfs" haikuweza kufungua diski. Inayopitisha maandishi yote kisha ikawa nyeusi bila mlango imeanguka cha saba. Na ile yetu, iliyoonyesha mlango, ikapokea nenosiri, kisha ikaturudisha mlangoni, ilikuwa imefika cha saba salama na kuanguka ikielekea cha nane. Mambo saba kati ya manane yalikuwa mazima, nasi tulikuwa tumeshashauriwa kuyafuta yote.

Kabla ya kugusa

Mwalimu asione haya kuanza na mambo madogo. Je, waya wa skrini umekazwa pande zote mbili? Je, taa ya skrini yenyewe inawaka? Je, mwangaza haujapunguzwa hadi mwisho? Tumeona watu wakifungua mashine nzima kwa bisibisi ilhali kosa lilikuwa waya uliovutwa na mfagiaji.

Hapo ndipo mwalimu aulize habari za mgonjwa: jana ilizimwaje? Umeme ulikatika ikiwa inafanya kazi? Nani aliitumia mwisho, na alifanya nini? Maswali haya yaulizwe kwa upole, kwa kuwa anayeogopa kulaumiwa atasema hakufanya lolote, na jibu hilo halimsaidii mtu.

Kandokando ya Ziwa Nyasa kuna adui wa pekee, nao ni unyevu. Nchi ni ya chini, joto ni kali na mvua ni nyingi, na hewa yenye maji huyakalia meno ya vibao vya kumbukumbu hata yakaacha kupitisha umeme vizuri. Kwa mashine inayolia bila kuonyesha neno, dawa ya kwanza ni kuizima, kuchomoa waya wa umeme, kutoa kibao cha kumbukumbu, kuyafuta meno yake polepole kwa kifutio safi cha penseli, kupangusa vumbi la kifutio, na kukirudisha mpaka kishike sawasawa. Kazi hiyo haitaki fundi. Yataka mikono mikavu na subira.

Kupiga simu Tukuyu

Turudi sasa kwenye mashine yetu. Tukiwa bado mbele ya ule mlango usiofunguka, tulibonyeza kwa pamoja vibonye vya Ctrl, Alt na F3. (Katika baadhi ya kompyuta za mapajani huna budi kushika pia kibonye cha Fn.) Picha ikatoweka, na mahali pake pakatokea mstari wa maandishi ukiuliza jina la mtumiaji. Wanafunzi walishtuka. Mmoja alirudi nyuma kana kwamba tumeivunja.

Huko ndiko kupiga simu Tukuyu. Ule mstari ukitokea, vituo sita vya kwanza vimeshajibu kwa mara moja: umeme upo, bodi ni nzima, GRUB imefanya kazi yake, kerneli iko hai, diski imefunguka, na msimamizi wa huduma yuko kazini. Vinabaki viwili tu vya kuchunguza. Hatujui kibonye kingine katika kompyuta chenye faida kubwa kama hicho kwa mwalimu, na ni ajabu kwamba hakifundishwi siku ya kwanza.

Tuliandika jina, kisha nenosiri. Mwanachuo ajue kwamba nenosiri linapoandikwa hapa halionyeshi hata nukta moja. Wengi hudhani kibodi imekufa wakaacha, kumbe mashine inaficha siri yao. Baada ya kuingia tuliandika amri hii: "df -h". Maana yake ni kuiuliza mashine kila diski ina nafasi kiasi gani na imetumia kiasi gani. Jibu lilitokea katika safu, na mbele ya diski kuu paliandikwa 100%.

Diski ilikuwa imejaa. Lakini kujaa kwa diski kunahusianaje na picha? Wanafunzi waliuliza swali hilo wenyewe, nasi tulifurahi kwa sababu ndilo swali lenyewe. Mtumiaji anapoingia, faili dogo liitwalo ".Xauthority" huandikwa katika makao yake. Faili hilo ni kama hati ya ruhusa: programu isiyokuwa nayo hairuhusiwi kuchora kitu kwenye skrini. Diski ikijaa, hati haiandikiki. Hati isipoandikika, eneokazi halina ruhusa ya kuchora. Eneokazi likishindwa, mlinzi wa mlango humrudisha mgeni mlangoni bila kumweleza sababu. Kwa nini basi maandishi yaliendelea kufanya kazi? Kwa sababu kuingia kwa maandishi hakudai hati ile. Tena, kwa kawaida diski ya Linux ya aina ya ext4 huwekewa akiba ya asilimia 5 ambayo mtumiaji wa kawaida hawezi kuigusa, ili mtunzaji wa mashine aweze kuingia na kurekebisha mambo hata nyumba ikijaa.

Kabla ya kurekebisha chochote tulinakili kazi ya watoto, na utaratibu huo tusiuvunje hata tukiwa na haraka. Tulichomeka flashi na kuandika "lsblk" ili tuione mashine inaiitaje; ikaitwa sdb1. Tukaiunganisha kwa "sudo mount /dev/sdb1 /mnt", tukanakili folda kwa "sudo cp -r /home/mwalimu/masimulizi /mnt", tukahakikisha kwa "ls /mnt/masimulizi" kwamba majina yote yapo, kisha tukaiachisha kwa "sudo umount /mnt" ndipo tukaichomoa. Neno "sudo" ni la kuomba mamlaka ya mtunzaji wa mashine, na katika hadithi hii litatokea tena kwa sura mbaya. Flashi ile tuliikabidhi kwa kiranja wa Darasa la Saba aishike mkononi. Kutoka wakati huo hofu ilipungua chumbani, na watoto wakaanza kuuliza maswali.

Kilichojaza diski kilikuwa nini? Amri ya "du -sh /home/mwalimu/*" huonyesha uzito wa kila folda. Masimulizi ya watoto yote kwa pamoja hayakufika hata sehemu ya mia ya diski. Folda ya video ilikuwa imemeza karibu yote iliyobaki: sinema na mechi za mpira, zilizonakiliwa na watu wazima jioni baada ya kazi. Hatutasema zaidi juu ya hilo, ila kwamba kicheko cha watoto kilikuwa cha adabu. Video zile zilihamishiwa kwenye diski ya nje. Tukaandika "sudo systemctl restart lightdm", mlango ukatokea, nenosiri likaandikwa, na eneokazi likafunguka. Saa iliyoombwa ilikuwa imebakiza dakika kumi na tano.

Mlango unaomrudisha mgeni una sababu nyingine ya mara kwa mara, nayo huletwa na mikono yetu wenyewe. Mtu akiendesha programu ya picha kwa kutumia "sudo", huenda lile faili la ruhusa likabadilika mwenyewe, likawa mali ya mtunzaji badala ya mali ya mtumiaji. Kesho yake mtumiaji hawezi kuandika katika hati isiyo yake. Dalili ni ile ile kabisa, lakini "df -h" itaonyesha nafasi tele. Hapo yafaa kuandika "ls -l .Xauthority" na kutazama jina la mwenye mali. Likiwa "root", lirudishwe kwa "sudo chown mwalimu:mwalimu .Xauthority", ambapo neno mwalimu ni jina la mtumiaji wa shule. Ikiwa hilo nalo si kosa, fungua mtumiaji mpya kwa "sudo adduser jaribio", ujaribu kuingia kwa jina hilo. Jaribio akiingia bila taabu, mashine nzima haina kosa, na ugonjwa umo katika makao ya yule mtumiaji wa kwanza tu. Jaribio akirudishwa mlangoni kama mwenzake, kosa ni la wote.

Hitilafu nyingine kwa ufupi

Ikiwa mlango wenyewe hautokei, lakini Ctrl, Alt na F3 huleta maandishi, basi muulize mlinzi: "systemctl status lightdm". Atajibu kama yu hai au ameanguka. Andika pia "systemctl get-default", jibu linalotakiwa ni "graphical.target", na likiwa jingine, mashine imeagizwa isimamie maandishi tu. Habari za kuanguka kwa X huandikwa katika faili la "/var/log/Xorg.0.log", na mistari ya makosa huwa na alama ya herufi mbili za E. Kumbukumbu ya makosa yote ya uwashaji wa sasa huonekana kwa "journalctl -b -p err". Mistari hiyo ni ya Kiingereza kigumu, na mwalimu asijilazimishe kuielewa yote. Asome ile ya mwanzo, maana ya baadaye mara nyingi ni kilio cha waliokosa kitu ambacho yule wa kwanza alishindwa kukileta.

Mara nyingine skrini huwa nyeusi mapema mno, kwa sababu kerneli na kadi ya picha havielewani, hasa baada ya mfumo kuongezewa mambo mapya. Washa mashine ukishika kibonye cha Shift, au kwa mashine za UEFI ukigusa Esc, ili GRUB ijionyeshe. Bonyeza herufi e, utafute mstari unaoanza na neno "linux", uongeze mwishoni mwake neno "nomodeset", kisha bonyeza Ctrl na X. Badiliko hilo ni la safari moja tu; likishindwa hujaharibu kitu.

Na umeme ukikatika ghafla wakati diski inaandika, huenda mashine ikasimama penye "initramfs" na kudai ikaguliwe. Dawa yake ni "fsck -y", ikifuatiwa na jina la sehemu ya diski ambayo mashine yenyewe imeitaja, kama "/dev/sda1", kisha "exit". Lakini diski inayogonga au kukwaruza isikaguliwe kwa namna hiyo. Hiyo iwashwe kwa flashi yenye Linux ya kujaribia, kazi ya watoto inakiliwe kwanza, na mengine yafuate.

Somo la kadi nane

Baada ya siku ile tulijiuliza kama mambo haya yanaweza kufundishwa Darasa la Tano, katika shule ambayo huenda haina kompyuta hata moja. Tumelijaribu somo lifuatalo, nasi twalipendekeza kwa mwanachuo aliye katika mazoezi. Linatosha kipindi kimoja cha dakika 40. Zana zake ni kadi nane za karatasi ngumu na kijiti kimoja.

Wanafunzi wanane wasimame mstari mmoja, kila mmoja akiwa na kadi ya kituo chake: umeme, bodi, GRUB, kerneli, diski, msimamizi, mlinzi, eneokazi. Kijiti kitoke kwa umeme na kupokezwa mkono kwa mkono, kila mtu akitaja kazi yake kwa sauti kabla ya kukitoa. Kikimfikia eneokazi, huyo anyanyue picha iliyochorwa na darasa. Warudie mara mbili mpaka wazoee. Kisha mwalimu amnong'oneze mwanafunzi mmoja kwamba yeye ameharibika. Mstari ugeuke, uwape wenzao mgongo, na kijiti kipokezwe kimya. Picha isiponyanyuliwa, darasa litafute aliyeharibika kwa kuuliza swali moja tu kwa mtu mmoja mmoja: "Umepokeza?"

Mara ya kwanza darasa litauliza kuanzia wa kwanza, mmoja mmoja. Mwalimu awaache. Aandike ubaoni idadi ya maswali. Arudie mchezo kwa kumharibu mwingine, tena aandike. Mwanachuo mmoja tuliyemsimamia alivunjika moyo kwa kuwa darasa lake lilihesabu maswali saba, naye alitaka kuwaeleza njia ya mkato. Tulimwashiria anyamaze. Mzunguko uliofuata binti mmoja wa dawati la nyuma alisema, "Mwalimu, mimi naanza na kerneli." Kerneli alikuwa wa nne. Akajibu kwamba amepokeza. Basi wanne wa kwanza wakaketi chini wote kwa mara moja, na darasa likapiga makofi bila kuambiwa. Swali la pili lilikwenda kwa wa sita, la tatu likamaliza. Nane ikawa nne, nne ikawa mbili, mbili ikawa moja. Mwalimu wa Hisabati aliyekuwa mlangoni aliomba kadi zile kwa kipindi chake.

Kosa tunaloliona sana kwa wanachuo katika somo hili ni kuharakisha kutoa jibu. La pili ni kumcheka anayekisia. Mwanafunzi asemaye "ni umeme" asiambiwe kwamba amekosea, aulizwe, "Tukimwuliza nani tutajua kama ni umeme?" Kisio likigeuzwa kuwa swali, limekwisha kuwa na kazi.

Wako wenzetu wanaosema kwamba mtoto wa shule ya msingi asiruhusiwe kuandika amri katika ile skrini ya maandishi. Twakubaliana nao nusu. Nenosiri la mtunzaji libaki kwa mwalimu, na amri ya kufuta, "rm", isifundishwe mpaka mtoto ameonyesha kwamba husoma alichoandika kabla ya kubonyeza. Lakini "df", "ls" na "du" huuliza tu, hazibadilishi kitu, na kumnyima mtoto haki ya kuuliza kwa kuogopa kwamba ataharibu ni kumrudisha kwenye kusema "imekufa".

Zana ya mwisho ni daftari. Kando ya kompyuta liwekwe daftari moja la kurasa 48 lenye safu tano: tarehe, dalili, imefika kituo gani, sababu, na kilichofanywa. Atakayeiona hitilafu ndiye aandike, awe mwalimu au mwanafunzi, na safu ya sababu iruhusiwe kubaki wazi mpaka ijulikane. Katika shule ile ya Ngonga daftari lilianzishwa siku ile ile, na mwandiko wa ukurasa wa kwanza ni wa kiranja aliyeshika flashi. Chini ya dalili ameandika: "Mlango unaturudisha." Chini ya kituo: "Cha saba." Chini ya sababu: "Diski imejaa." Na chini ya kilichofanywa ameandika kwanza, "Tulinakili masimulizi," ndipo akaongeza, kwa herufi ndogo zaidi, kwamba video zimehamishwa.